Mzee Hatibu Hafundishi Mtani

Mwaka wa tatu tangu treni ifike Morogoro, baba yangu alinunua nyumba yenye magurudumu manne.

Aliyemuuzia ni Mjerumani mmoja, mpima ardhi, aliyekuwa anarejea kwao. Lilikuwa gari la ng'ombe, refu na zito, ila juu yake lilijengewa chumba cha mbao na kufunikwa turubai. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, meza ya kukunja ukutani, rafu ya vyombo yenye ubao wa kuzuia visidondoke, na dirisha dogo lenye pazia. Mpima ardhi alikuwa akilala humo porini, kwa sababu kazi yake ilikuwa porini. Baba, Abasi bin Ahmadi, muuza nguo na chumvi, hakuwa na kazi yoyote porini. Alilitaka gari la kutembelea tu.

"Idi ya Mfungo Tatu, ya kuchinja, nawapakia wote," alisema. "Twende Mlali kwa ndugu za mama yangu, tulale humohumo siku tatu, tule, tupunge upepo wa mlimani, turudi. Kustarehe ni kwa Wazungu peke yao?"

Mama yangu, Pili, aliuliza neno moja. "Na nani ataliendesha?"

"Mimi."

Mama akarudi jikoni.

Mjini kwetu mtu wa kumuuliza habari za magari ya ng'ombe alikuwa mmoja tu, Mzee Hatibu wa Kilakala. Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene, na mkono wake wa kushoto ulibaki na vidole viwili. Alizaliwa mlimani juu ya Mlali, kwenye mashamba ya maharage. Ujanani alibeba mizigo kwenda Bagamoyo, akarudi, akaenda tena, mpaka siku alipoona gari moja linavuta mizigo ya wapagazi arobaini. Hapo akatua mzigo wake, akasema hatabeba tena. Reli ilipoanza kujengwa aliingia kazini kwa Kaburu mmoja aliyetoka kusini na magari yake, mtu asiyesema na yeyote isipokuwa ng'ombe. Hakumfundisha mtu. Hatibu alijifunza kwa kumtazama miguu: anasimama wapi, anashuka lini, anatembea upande gani. Kaburu alipoondoka, kila gari lililotakiwa kupita palipo pabaya alipewa Hatibu. Katika miaka yote hiyo hakupindua mzigo. Sasa alikuwa na migomba yake Kilakala, na walionunua magari, wenye mashamba, mafundi, hata mapadri, walimwita awafundishe watu wao.

Baba alikwenda kwake mwenyewe, mimi na mdogo wangu Yunusi nyuma. Lazima niseme hapa kwamba ukoo wa bibi yangu mzaa baba na ukoo wa Mzee Hatibu ni watani, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo ingawa Mzee Hatibu alimpita baba kwa miaka ishirini, baba hakumwamkia shikamoo hata siku moja.

"We mzee, hujafa tu?" baba alipiga kelele badala ya hodi.

"Nife, nani akuzike wewe? Ukoo wenu hamjui kuchimba kaburi. Mnachimba shimo la panya, maiti inabaki miguu nje."

"Miguu yangu mizuri, wacha watu waione. Nimenunua gari la yule mpima ardhi. Nataka unifundishe."

Mzee Hatibu alikuwa anasuka kamba ya ngozi. Akaiweka chini. "Sifundishi mtani."

Baba alicheka mpaka akashika mgomba. "Hata kwa kanzu mpya?"

"Hata kwa duka lako lote na chumvi yake yenye mchanga. Nina vijana wazuri. Nitakupa mmoja akuendeshe."

"Jamani msikieni! Anaogopa nitamzidi!"

Mzee Hatibu alinitazama mimi, akamtazama Yunusi, ambaye alikuwa na miaka sita na alikuwa ameshaanza kujipaka matope. "Na hawa watapanda?"

"Wote. Na mama yao, na kichanga."

"Ukimkataa kijana wangu utaliendesha hivyohivyo?"

"Kwani gari la nani?"

Mzee akaokota kamba yake. "Nitakuja kesho alfajiri," alisema. Baba njia nzima alikuwa anamsimulia Yunusi jinsi alivyomshinda yule mzee. Mimi nilikuwa nimeona kwamba mzee hakucheka.

Siku ya kwanza baba hakugusa mjeledi. Alizunguka gari kama mtu anayetafuta sindano.

"Kabla ya kupanda, zunguka," Mzee Hatibu alisema. "Kila siku. Hata kama jana ulizunguka. Ng'ombe analala, wewe unalala, lakini gurudumu linakauka."

Akampa nyundo ndogo, akamwambia agonge mbao za kila gurudumu asikilize. Lililo zima linalia, lililolegea linakohoa. Gurudumu la nyuma kulia lilikohoa, wakalilaza kwenye maji usiku kucha, likavimba, likakaza. Baba alipaka mafuta kwenye ekseli mpaka kanzu yake ikawa tambara la jikoni. Aliangalia vijiti vya nira kimoja kimoja. Aliangalia mnyororo pete kwa pete.

"Unahesabu kama unavyohesabu dhambi zako," mzee alisema. "Unaruka zile kubwa."

Mama naye alifundishwa. Alikuwa amepanga kinu, masinia na sanduku la nguo juu, karibu na paa, ili chini watoto wachezee. Mzee Hatibu alivishusha vyote, akavilaza sakafuni katikati, kinu kwanza.

"Mama Asia, samahani," alimwambia kwa heshima, kwa sababu mama si mtani wake. "Kizito kikikaa juu, gari linakuwa kama mlevi aliyejitwika mtungi. Tambarare atafika. Penye mteremko hafiki."

"Nimesikia, mjomba," mama alisema, na tangu hapo hakuweka juu kitu kizito kuliko mkeka.

Siku ya tatu tukapita mjini. Ng'ombe walikuwa maksai wanne wa Ugogo, wawili mbele na wawili nyuma. Baba alikaa juu ya benchi la mbele kwa kanzu nyeupe na kofia ya viua, na hapo ndipo tabu ilipoanza, kwa sababu baba ni mtu wa watu. Kila aliyemsalimu alimjibu, na kwa baba kujibu salamu ni kugeuka, kuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mgonjwa, na kutoa mikono yote miwili. Mbele ya boma alikuwa anamuuliza fundi viatu habari za mkwewe, na maksai wa mbele wakapita pembeni, wakaingiza vichwa juu ya ua, wakaanza kula maua ya Bwana Mkubwa.

Askari mmoja akatoka mbio na kiboko.

"Afande," Mzee Hatibu alimwambia akiwa ameshawashika ng'ombe, "huyu aliyekaa juu ni mtani wangu. Mchape tu, hata ishirini na tano, mimi nitahesabu. Lakini hawa ng'ombe hawana kosa, walifuata njia, hakuna aliyewaambia njia iko wapi."

Askari alishindwa kujizuia, akacheka, akasema tuondoke kabla mwenye maua hajaamka. Baba alikuwa na jasho mpaka kwenye kofia.

Tulipofika mbali mzee akasema, "Salamu ya gari ni kiganja juu, macho mbele. Basi. Atakayenuna, jioni umfuate kwake kwa miguu, ukamuulize habari za mkwewe mpaka achoke."

Hilo baba alilishika. Mpaka leo akiwa kwenye gari anainua kiganja kama mtu anayeapa, na wenye kununa wamenuna wakanyamaza.

Alishika mengi, niseme kweli. Mzee alimtukana tangu alfajiri mpaka adhuhuri, na baba alijifunza haraka kuliko vijana wote waliowahi kufundishwa, maana tusi la mtani halichomi. Alijua kugeuza. Alijua kupumzisha ng'ombe kabla hawajachoka, si baada. Alijua kutowapiga penye matope, bali kusubiri mpaka wote wanne wakaze nira pamoja. Jioni dukani alisimulia matusi yote neno kwa neno na wateja wakashika mbavu. Mimi nilikuwa nasikiliza nyuma ya marobota, nikaona kwamba matusi anayasimulia vizuri, ila onyo lililokuwa ndani ya tusi mara nyingine analiacha.

Jambo moja hakulishika.

Gari lile lilikuwa na breki, lakini mkono wake wa kuzungusha ulikuwa nyuma kabisa, chini, kwa sababu mpima ardhi alikuwa na mtu wa kutembea nyuma. Tena kulikuwa na kiatu cha chuma kilichofungwa kwa mnyororo. Penye mteremko unasimamisha gari kabla, kwenye tambarare, unaingiza kiatu chini ya gurudumu la nyuma, gurudumu linapanda juu yake na kuacha kuzunguka, linaburutwa tu. Halafu mtu mmoja anakwenda mbele ya ng'ombe kuwaongoza, mwingine anatembea nyuma mkono kwenye breki.

"Wawili chini," Mzee Hatibu alisema tulipofika kwenye kibonde cha mto Morogoro. "Aliyekaa juu si dereva, ni mzigo. Shuka."

"Nishuke nitembee na mikia ya ng'ombe?" baba alisema. "Mji wote unanitazama. Watasema Abasi amefilisika amekuwa hamali."

"Hamali mwenye miguu miwili ni bora kuliko tajiri mwenye mmoja. Shuka, utakufa, nitarithi kofia."

"Kofia haikuenei, kichwa chako kikubwa kama boga!"

Wote wakacheka, ng'ombe wakashuka taratibu, kibonde chenyewe kilikuwa kifupi. Mzee alikimbia mbele, akakimbia nyuma, akafanya kazi ya watu wawili. Kesho yake ikawa vilevile, na siku iliyofuata. Baba alijua maneno yote ya mteremko, lakini aliyajulia juu ya benchi.

Tuliondoka siku moja kabla ya Idi. Mvua za vuli zilikuwa zimenyesha usiku mbili mfululizo, na asubuhi ile Uluguru wote ulikuwa wazi, unaona mpaka mifereji ya maji ikishuka kama nyuzi. Baba alizunguka gari bila kuambiwa, akagonga magurudumu, akakagua vijiti. Mzee Hatibu alitembea kando na fimbo yake. Mama, mimi, Yunusi na kichanga wetu Furaha tulikuwa ndani, na nakiri ilikuwa raha. Unalala kitandani na milima inapita dirishani. Tulipopumzisha ng'ombe Mzumbe watu walitoka mashambani kuja kutazama nyumba inayotembea. Bibi mmoja aliomba aingie, akakaa kitandani, akainuka, akasema, "Haya, sasa nikifa sidai."

Alasiri tukafika juu ya mteremko wa mwisho, ule wa kuingia Mlali.

Nilichungulia penye pazia. Njia ilishuka moja kwa moja, nyekundu, inang'aa kwa maji. Katikati yake ilikuwa na kona kushoto. Upande wa kulia wa kona hapakuwa na kitu, ni korongo, na chini ya korongo mto ulikuwa unasikika. Kando ya njia kulikuwa na watu wanapanda mahindi, wakaacha majembe waje kuona. Miongoni mwao walikuwamo ndugu za bibi, wakaanza kupiga vigelegele, "Abasi! Abasi huyo! Amekuja na nyumba!"

Baba alinyoosha mgongo na kuiweka kofia sawa.

Mzee Hatibu alisimamisha ng'ombe kwenye tambarare. "Tumefika penyewe. Shuka, ukashike breki. Na walio ndani washuke watembee."

"Mbele ya wajomba zangu?" baba alisema kwa sauti ya chini. Halafu kwa sauti ya juu, ili wasikie, "Huyu mzee amechoka! Anataka nimbebe!"

Watu wakacheka.

"Abasi, ukishuka hapa umekaa juu, utakufa na watoto wako."

"Na wewe utanizika!" baba alijibu. "Chimba basi, chimba! Umeanza kunizika tangu Kilakala, hata sanda hujanunua!"

Watu wakacheka zaidi, na mmoja wao, aliyejua utani ule, akamtupia Mzee Hatibu jembe. "Mzee, chukua, anza kaburi!"

Nilimwona mzee akitazama lile jembe miguuni pake. Nilikuwa karibu, nikaona midomo yake ikifunguka kama anataka kurudisha tusi, maana tusi lilikuwapo, lilikuwa linangoja tu. Akafunga mdomo. Baba alikuwa ameshainua mjeledi.

Mzee Hatibu alikwenda mbele ya maksai, akasimama katikati ya njia. Akavua kofia yake. Akainamisha kichwa, yeye mzee, mbele ya mtu aliyeweza kuwa mwanawe.

"Shikamoo, Bwana Abasi," alisema.

Vigelegele vilikatika. Baba alibaki na mjeledi hewani.

"Astaghfirullah. Mzee, una nini? Unataka kunilaani?"

"Nakuamkia kwa sababu kuanzia hapa mpaka mtoni mimi si mtani wako. Utani nimeuweka chini, uko pale penye jembe. Sasa nisikilize kama unavyomsikiliza mtu mwingine."

"Nakusikiliza."

"Nilikuwa na mtani mwingine, jina lake Maneno. Tulijenga reli pamoja, huko Ngerengere. Nilimfundisha gari kwa matusi, kama wewe, na alishika haraka, kama wewe. Siku moja tulikuwa juu ya mteremko kama huu, gari lina mataruma ya chuma. Nikamwambia, shuka, utakufa nikuzike. Akacheka. Na mimi nikacheka, maana ndivyo tulivyozoea. Akaenda. Mimi nilidaka mnyororo, vidole vyangu vitatu vikabaki kwenye mnyororo." Hakuinua mkono kuonyesha. "Nilimzika. Na msibani watu wakanidai utani wangu, desturi ni desturi, nikaufanya. Nilirukaruka juu ya kaburi nikisema nilimwambia, nilimwambia. Na watu wakacheka. Lakini mimi nilijua sikumwambia. Nilimtania tu. Ndiyo maana nilikukataa Kilakala."

Furaha alilia ndani, mama akamnyamazisha.

"Ukipenda, endesha," mzee alisema. "Gari ni lako. Mimi sitasogea hapa mpaka watoto washuke."

Baba aliwatazama wajomba zake. Nilidhani atasema jambo la kuchekesha, maana hajawahi kukosa. Aliufunga mjeledi, akauweka kwenye benchi. Akapandisha kanzu, akaifunga kiunoni, akashuka matopeni na viatu vyake vya Idi.

"Pili," aliita. "Shusheni watoto. Tembeeni upande wa juu wa njia, mbali na gurudumu." Halafu akainama nyuma ya gari. "Kiatu."

Alikiingiza mwenyewe. Alikaza mnyororo, akaupima kwa mguu, akakaza tena. Akazungusha breki mpaka ubao ukalia kwenye gurudumu la pili. Mzee Hatibu aliwashika maksai wa mbele. Hakumsahihisha hata mara moja, na mimi nilijua ni kwa sababu hapakuwa na la kusahihisha.

Wakaanza kushuka.

Gari liliburuta kiatu chake kama mtu anayeburuta mguu mbovu, likaacha mfereji nyuma. Sisi tulitembea upande wa mlima, Yunusi mgongoni kwangu. Walipofika penye kona, kiatu kilipanda juu ya mzizi uliofichwa na matope. Nilisikia chuma kikigonga, nikaona kiatu kimetoka pembeni na gurudumu limeanza kuzunguka. Gari zito lile likajisukuma mbele, likawagonga maksai wa nyuma mapajani.

Mtu aliyekaa benchini asingejua kilichotokea mpaka amekwisha. Baba alikuwa palepale. Hakupiga kelele. Alizungusha breki kwa mikono miwili, mshipa umemtoka shingoni, akasema kwa sauti aliyofundishwa, ile ya kuongea na ng'ombe siyo na watu, "Kiatu kimetoka. Mlimani."

Mzee Hatibu hakuuliza. Aliwapindisha maksai wa mbele kushoto, wakaingiza vifua kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima, gari likawafuata, pembe ya chumba ikakwaruza udongo na turubai ikachanika. Gari bado lilikuwa linateleza taratibu, sehemu ya nyuma ikivutwa kuelekea korongo.

"Jiwe," baba alisema.

Mama alikuwa ameshafika. Alikuwa amemweka Furaha kwenye nyasi, na jiwe alilobeba ni la mtu mzima kujitwika. Akalisukuma chini ya gurudumu la nyuma, akarudi akaleta la pili. Gurudumu likapanda jiwe kidogo, likarudi, likatulia.

Baba hakuondoa mikono kwenye breki. "Asia, angalia watoto wako wapi," aliniambia bila kugeuka.

"Wako juu, baba. Wote."

"Haya. Mzee, turudishe kiatu."

Walirudisha kiatu. Baba alichukua jembe la mjomba mmoja, akachimba mzizi, akaukata, akausogeza, na wajomba wengine wakashuka kusaidia, na hakuna aliyesema neno hamali. Sehemu iliyobaki walishuka hatua kwa hatua, wanasimama kila hatua ishirini, baba akigusa mnyororo kwanza ndipo anasema twende. Mto tuliuvuka maji yakiwa magotini. Ng'ambo, kwenye nyasi tambarare, Mzee Hatibu aliwafungua ng'ombe nira, akawasugua shingo mmoja mmoja.

Baba akamwendea. Matope yalikuwa mpaka kwenye ndevu.

"Nitukane basi," alisema.

"Nimechoka."

"Nitukane kidogo."

Mzee alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani, akavuta pumzi. "Kwa uchafu huo," alisema, "hata mimi nisingekubali kukuosha."

Baba alikaa chini kwenye nyasi akacheka, na nilipomtazama vizuri alikuwa analia pia, lakini hakuficha.

Siku tatu za Idi zilikuwa nzuri. Tulilala garini na turubai lililochanika, mama alilishona, na watoto wote wa Mlali waliingia na kutoka mpaka kamba za kitanda zikalegea. Kurudi, baba alishuka kwenye kila bonde, hata yale ambayo Mzee Hatibu alisema si kitu. Kwenye kibonde cha mto Morogoro tulimkuta fundi viatu. Baba aliinua kiganja, macho yake kwenye gurudumu.

Tangu hapo mzee amefundisha wengi, na baba amebaki na gari lake, kila baada ya mavuno ya mlimani tunatoka. Lakini Mzee Hatibu hajabadilisha sheria yake. Anayekuja kujifunza huulizwa kwanza, "Mama yako wa ukoo gani?" Akitaja ukoo wa baba, yaani ukoo wa bibi, mzee husema hapana, nenda dukani kwa Abasi. Kwa baba hao ni ndugu. Baba haruhusiwi kuwatania, anaweza kuwagombeza tu, na amegundua kwamba anajua kugombeza.

Wa mwisho alikuwa Mikidadi, mchinjaji, aliyenunua gari dogo la maksai wawili ili ampeleke mama yake Turiani kumwona dada yake, maana yule bibi miguu ilikuwa haimpeleki tena. Baba alimzungusha uani kwetu siku nane. Siku ya tisa Mikidadi aliingia dukani anajifuta jasho, akaniuliza kwa kunong'ona kama baba yangu ana ugomvi naye, maana yeye amekitoa kiatu na kukiingiza mara kumi na moja na bado hajaambiwa kama ni sawa.

"Akisema rudia, ni sawa," nilimwambia. "Ikiwa si sawa anakuja kushika mwenyewe."

Mikidadi akarudi uani.

Walikwenda Turiani, wakakaa nusu mwezi, wakarudi. Yule bibi alishushwa mlangoni kwetu, mzima, anasimulia njia nzima aliyoiona, kila mto kwa jina lake na jinsi mwanawe alivyoshuka akatembea nyuma. Alituletea mchele mpya, gunia zima. Baba alipeleka nusu Kilakala. Mzee Hatibu alisema yeye hajafundisha mtu, hauchukui. Baba aliuacha chini ya migomba, akaondoka bila kugeuka, na jioni mtoto wa jirani alipita akatuambia kuna moshi unatoka jikoni kwa mzee, na unanukia wali.